Mtani Alipoiteka Mimba ya Mama

Kaka yangu alikuwa anasikia kwa kiganja. Masikio alikuwa nayo, mazuri tu, yamekaa vizuri kichwani, ila hayakuwa na kazi. Akitaka kujua mama anasema, alimsogelea akaweka mkono juu ya rovu lake, ule uvimbe uliomjaa shingoni tangu usichana, akatulia hapo. Mama hakumwondoa. Aliendelea na maneno yake, akipepeta mchele, akimsema baba, akiimba, na rovu likitetemeka chini ya kiganja cha kaka, naye kaka akicheka. Hakupata hata neno moja. Alipenda tu kule kutetemeka.

Mimi pia ninalo rovu. Langu ni dogo, kitambaa kinalifunika. Ninao umri wa kuitwa bibi sasa, na kwa kuwa wengi wa hao nitakaowasema wamekwisha kufa, nitasema. Majina sitataja, maana wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini wenyewe wangejisoma humu wangejijua.

Sisi ni watu wa milimani, nyuma ya Morogoro. Baba alishuka mapema kuliko sisi, akapata kazi ya nyundo katika karakana ya reli pale Gerezani, Dar es Salaam, kisha akatuita. Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, si mbali na soko, katika nyumba ya bibi mmoja wa pwani. Bibi huyo alikuwa mjane mnene, mwenye sauti, anayekaanga samaki uani tangu asubuhi na kuwapeleka sokoni kwenye sinia. Nyumba nzima ilinuka samaki. Nguo zetu, mkeka, hata Kurani ya mpangaji wa chumba cha mbele, vyote vilinuka samaki. Na sisi peke yetu katika nyumba ile hatukuwala.

Ukoo wa mama hauli kitu cha majini. Tuliambiwa kwamba bibi wa bibi zetu alikimbia vita na mtoto mgongoni, akafika kwenye mto uliofurika, samaki wakamvusha. Akaapa kwamba yeye na uzao wake hawatawatia mdomoni. Nilipokuwa mdogo nilijiuliza ni samaki gani wa mto wetu wa kubeba mtu mzima, maana wakubwa wao walilingana na kidole. Sikuuliza. Kofi la mjomba lilikuwa karibu.

Mjomba ndiye mlinzi wa mwiko. Alikuwa ndugu mkubwa wa mama, naye mama, kwa ajili yetu watoto, alimwita mjomba vilevile. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Baba huzaa, hulisha, hunyamaza. Mjomba alikuwa anauza ndizi za kwetu sokoni, chini ya lile paa kubwa aliloliacha Mjerumani. Ndizi zilishuka kwa treni, na pamoja na ndizi yalishuka mabunda ya chumvi.

Hiyo chumvi lazima niieleze. Wanawake wa kwetu huchoma majani ya kinamasi, huchuja majivu kwa maji, kisha huyachemsha yale maji mpaka yakauke. Kinachobaki chunguni ni chumvi ya kijivu, chungu kidogo, inayokwaruza ulimi. Husokotwa ndani ya magome ya mgomba. Na desturi ni kwamba mwanamke mwenye mimba, popote alipo duniani, atakula chumvi ya mama zake peke yake mpaka ajifungue, ili mtoto aje anajua kwao. Mama aliipenda chumvi ile kwa moyo wote. Akifungua bunda jipya alilinusa kwanza, akafumba macho, akataja jina la mtu aliyeitengeneza, kwa harufu tu. Chumvi ya bahari ilijaa kila duka Kariakoo, nyeupe kama meno, nasi tulikaa katikati yake tukila majivu, tukijiona watu bora.

Kule milimani rovu la mama halikuwa neno. Wanawake wengi walikuwa nalo, na bibi harusi asiye na shingo ya mviringo alionekana kama hajakomaa. Kariakoo ndiko nilikojua kwamba watu wanacheka. Bibi mwenye nyumba alicheka zaidi ya wote, ila yeye alikuwa na haki, maana watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu zamani.

"Mtani," alimwambia mama siku ya kwanza kabisa, hata mizigo haijashushwa, "embe hilo umelimeza bila kulitafuna?"

"Nimelihifadhi," mama akajibu. "Mwaka wa njaa nitakutemea ule, wewe usiye na akiba."

Wakapendana tangu hapo.

Kabla hatujashuka pwani, nikiwa bado mdogo, alikuja kijijini kwetu daktari wa serikali, Mzungu, na karani wake. Tulipangwa mstari. Alitupima shingo kwa utepe, mmoja mmoja, karani akiandika. Alipofika kwa kaka alimfunua kinywa, akamtazama ulimi, kisha akaenda nyuma yake akapiga makofi mawili, pa, pa. Kaka hakugeuka. Yule daktari akamtikisia kichwa karani, karani akaandika. Kila mtu akapewa kipande cha sabuni, wakaondoka. Huyo ni wa kwanza ninayemtaja. Mtu hapimi shingo za kijiji kizima bila kujua anatafuta nini. Alijua. Angetuambia neno moja tu, hata kwa mkalimani, hata kwa hasira. Alitupa sabuni.

Basi mama akashika mimba tukiwa Kariakoo. Ilikuwa bado changa, tumbo halijaonekana kwa mtu asiyejua kutazama. Baada yangu mimi mama alipoteza wawili, kwa hiyo kila mtu alitembea polepole karibu naye, hata kaka. Mama hakuomba mtoto wa kiume wala wa kike. Nilimsikia akimwambia bibi mwenye nyumba, huku wanachambua mchicha:

"Mimi naomba kitu kimoja. Aje na masikio."

"Atakuja nayo. Pembeni hivi, mawili."

"Ya kusikia, mtani."

Bibi hakutania tena siku ile.

Nilikuwa sijui kwa nini mama anaomba kwa hofu namna ile. Nilikuja kujua baadaye kwamba mjomba alimwambia, kaka alipogundulika hasikii, kwamba kosa ni lake mwenyewe: akiwa mja mzito alimcheka bubu njiani. Mama hakukumbuka kumcheka bubu yeyote. Lakini mjomba alisema, na mama akakubali, akalibeba miaka yote ile. Kila alipokutana na kiziwi au mwenye kilema chochote alishusha kanga usoni akapita kando. Kwa hiyo, mjomba, wewe ni wa pili. Nakutaja kwa upendo, maana ulinibeba begani kutoka stesheni, lakini nakutaja.

Mjomba naye alitaka mambo yawe mema, kwa njia yake. Alisikia kwamba pembeni mwa soko yuko mtu anayetibu marovu. Alitupeleka, mimi na mama. Tulimkuta mtu aliyevaa koti zito jua linawaka, aliyesema alitumika hospitali ya jeshi wakati wa vita. Alikuwa na chupa ya dawa ya kahawia, inayonuka mpaka puani panachoma.

Mjomba aliuliza swali moja tu. "Inapakwa au inanywewa?"

"Inapakwa, bwana mkubwa."

"Basi mpake. Ya kupaka haivunji mwiko."

Akatupaka. Leo kesho, leo kesho, mpaka shingo zetu zikawa kama zimetiwa lami. Ya mama ilipauka tu. Yangu ilibabuka, ngozi ikatoka kama ganda la viazi, nikawa silali ubavu wowote. Wewe muuza dawa wa pembeni mwa soko, alama yako ninayo mpaka sasa. Na linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa ndiyo yenyewe. Ilikuwa aidini. Ila uliipaka nje, na njaa ilikuwa ndani.

Hospitali alitupeleka bibi mwenye nyumba, kwa nguvu, akimwambia mama kwamba mtoto akinuka kidonda katika nyumba yake watu hawatanunua samaki. Kaka alifuata, maana alifuata kila mahali. Daktari alikuwa Mhindi mfupi, amechoka, anasema Kiswahili cha dukani. Alinisafisha shingo. Nilipolia hakunibembeleza, ila alifanya haraka. Kisha akamtazama mama. Kisha akamtazama kaka, aliyesimama na kiganja chake mahali pake.

"Samaki nakula?" akamuuliza mama.

Mama akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama anakula paka. "Hatuli, daktari. Ni mwiko."

"Naishi Dar es Salaam, bahari iko hapa, samaki hapana kula?"

"Ndiyo, daktari."

"Huyu kijana, nazaliwa hivi?"

"Ndiyo."

"Kwenu wengine kama yeye iko?"

"Wapo. Kila mji una wake." Mama alisema hivyo kama anayetaja mbuzi.

Daktari akaweka kitambaa chini. Alisema polepole, nami nakumbuka maana alipanga maneno kama anayempangia mtoto. Alisema shingo ya mtu inahitaji kitu fulani kidogo sana, na kitu hicho kimo katika vitu vya baharini, na huko milimani mvua imeosha ardhi, kimeondoka. Shingo ikikikosa inavimba kwa kukitafuta. Na mama mwenye mimba akikikosa, mtoto tumboni anakikosa vilevile, na hapo ndipo masikio yanapoharibika, na akili.

Mama akakigusa kiganja cha kaka. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Kumbe sikumcheka mtu."

Daktari hakuelewa. Bibi mwenye nyumba alielewa, akageuka kutazama dirishani.

Tulirudi na kichupa cha matone, ya kutia kwenye maji. Mama alikibeba kifuani kama yai. Jioni mjomba akaja kula, akakiona.

"Hii inatoka wapi?"

Mama angeweza kusema inatoka hospitali, ingetosha. Lakini hakujua kumficha ndugu yake jambo. "Daktari anasema ni kitu cha bahari."

Mjomba hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alitoka uani, akafungua kichupa, akakimimina mchangani taratibu kama mtu anayemwagilia mche, akakirudisha kitupu. "Kitatufaa kwa mafuta," akasema. Kisha akanawa, akala. Baba alikuwepo. Alimenya ndizi.

Bibi mwenye nyumba aliyaona yote kutoka kwenye kikaango chake. Hakusema kitu, na yeye kunyamaza ilikuwa kama soko kunyamaza.

Sasa asiyejua utani atashangaa na yaliyofuata. Mtani ana ruhusa. Atakuja msibani kwako aigize namna marehemu alivyokuwa anakoroma. Atachukua kitu chako mbele ya watu, aseme ni mateka, nawe utamkomboa kwa zawadi, au utakiacha kiende. Kukasirika huwezi. Anayemkasirikia mtani amewaaibisha watu wa kwao wote, waliokufa na walio hai, na mjomba wangu alikuwa tayari kufa kuliko kuwaaibisha waliokufa. Mwaka uliotangulia bibi alimteka kofia, mjomba akaikomboa kwa mkungu mzima wa ndizi, akicheka kwa meno tu.

Siku ya pili mjomba alipokaa kula, wapangaji wote wakiwa uani, bibi akaacha kikaango, akachana ukingo wa kanga yake kuukuu, akamfunga mama tumboni fundo moja.

"Mtani," akamwambia mjomba, "nimeteka."

"Umeteka nini tena, mwizi wewe?"

"Hiki kilichomo humu."

Watu wakaanza kusogea. Mjomba akacheka, maana ndivyo inavyotakiwa. "Mateka gani hayo hata hayajatoka ndani?"

"Ndani kwenyewe yanakufa njaa. Umeyalisha majivu kama jiko."

"Haya, sema bei. Mkungu?"

"Sitaki."

"Miwili."

"Ndizi zako zinaozea sokoni, ndiyo maana unazigawa. Hukomboi leo wala kesho. Azaliwe, aote meno, halafu njoo tuongee. Mpaka siku hiyo ni mtu wa kwetu. Na watu wa kwetu, mtani, wanakula samaki."

Hapo mjomba aliacha kucheka. "Atakayekula ni ndugu yangu. Mdomo ni wake."

"Mdomo nimeuazima. Chakula kinapita tu. Kwani treni ikipita Morogoro si inakuja na watu wa pwani ndani? Watu wa Morogoro wameambiwa wawale?"

Uani pakalipuka vicheko. Mpangaji wa chumba cha mbele alishika ukuta. Na baba yangu, ambaye tangu tufike mjini nilikuwa sijamwona akifungua kinywa mbele ya mjomba isipokuwa kwa chakula, alicheka mpaka akafuta macho. Mjomba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mtani hana adabu," akasema.

Ndivyo asemavyo mtu aliyeshindwa.

Mama alianza kula siku ileile, na siku ileile akatapika. Bibi hakumhurumia. Alianza kumtwangia uduvi akauficha kwenye mchicha, kisha changu mdogo kwa nazi, kisha vipande vya nguru. Mama alifumba macho kila tonge. "Kula wewe," aliliambia tumbo, "mimi sili." Baadaye nilimwona akilamba vidole, naye aliniona namwona, tukanyamaza wote wawili. Chumvi ya kwao iliendelea kuja na treni. Aliinusa, akataja majina, akaiweka juu ya kabati.

Lakini mimi sikutekwa. Hili ndilo lililobaki kooni kwangu. Bibi alitaka kunifunga na mimi ukingo wa kanga; mama akamzuia. "Mmoja anatosha, mtani. Tukimnyang'anya mjomba wote wawili tutamuua." Kwa hiyo nilikaa kando ya sahani, na kitambaa cha hospitali shingoni, nikila mboga ya majivu, nikimtazama mtu ambaye hajazaliwa akila nguru. Sikula samaki mpaka nilipoolewa na mume asiyejua habari za mto. Na mama pia namtaja. Alikuwa na moyo wa kumwokoa mmoja, akachagua aliye ndani.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alilia vizuri, akanyonya vizuri. Hakuna aliyethubutu kumjaribu. Wote tulijua lile jambo la kupiga makofi nyuma ya kichwa, maana mama alikuwa amelisimulia nyumba nzima, na nyumba nzima ikaanza kutembea kwa vidole, vyungu vikiwekwa taratibu, ili mtu asije akajua kwa bahati mbaya. Bibi alikaanga samaki kimya. Siku zikapita hivyo mpaka kitovu kikawa karibu kudondoka.

Mchana mmoja mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto macho wazi mapajani, kaka pembeni na mkono wake shingoni kwa mama. Mimi nilikuwa nafua nepi mlangoni. Mjomba akatokea ukumbini na bunda la chumvi kwapani. Yeye hakujua kwamba nyumba imenyamaza, au alijua na hakujali. Akaita kama anavyoita siku zote, kwa sauti ya mtu wa sokoni:

"Hodi humu."

Mtoto akaruka mwili mzima. Mikono ikafunguka, uso ukageukia mlangoni.

Mama akainua kiganja. "Usiingie. Simama hapohapo. Sema tena."

"Niseme nini?"

Mtoto akageuza uso tena.

"Sema chochote, mjomba. Usinyamaze."

Mjomba akasimama kizingitini na bunda lake. Hakuwa mtu wa maneno ya bure, akaanza kutaja ndizi: mkono wa tembo umepanda, sukari zimeshuka, malindi zimefika zimechubuka, yule Mwarabu wa duka la pembeni anataka mzuzu na mzuzu hazipo. Alizitaja zote. Mtoto alimsikiliza, paji limekunjwa, kama mnunuzi. Nyuma yangu kikaango kilikuwa kimetulia, na bibi alikuwa amesimama na upawa mkononi, mafuta yakidondoka mchangani.

Hakuomba radhi mjomba, siku ile wala nyingine. Na meno yalipoota hakuja kumkomboa. Dada yangu ni mateka mpaka leo. Shingo yake ni nyembamba, anauza vitambaa, na hakuna asiloweza kulisikia, hata lile unaloliteta chumba cha tatu.

Kaka alikuwa ameona mtoto akiruka, hakuona sababu. Alitazama mlangoni, akatutazama sisi. Akaondoa mkono kwa mama, akauweka shingoni kwa mtoto, akapapasa. Hapakuwa na kitu cha kushika. Akaurudisha kwa mama. Mama alikuwa analia bila sauti, rovu likimtetemeka kuliko siku zote, na kaka akakiacha kiganja chake pale, akacheka.